Bei yangu ilikuwa chini ya mshindi, nikaachwa hatua ya kiufundi. Zabuni ya Serikali inaandikwaje?

Seremala wa Mafinga

Habari za jioni wakuu.

Nina karakana ya samani hapa Mafinga. Tunatengeneza viti, meza, makabati na madawati, na mbao hatuzitafuti mbali kwa sababu shamba la miti la Sao Hill liko hapa hapa. Kwa miaka mingi tumefanya kazi za watu binafsi, shule za dini na hoteli mbili tatu za Iringa. Baadaye tukajisajili NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa Serikali, tukaanza kuomba tenda za halmashauri. Tumeomba kadhaa na hatujapata hata moja.

Iliyoniuma ni ya mwisho. Halmashauri moja ilitangaza viti na meza za sekondari. Nikapiga hesabu usiku kucha, nikaweka bei ambayo nilijua hakuna wa kuishinda. Notisi ya kusudio la kutoa tuzo, ile inayotaja wanayekusudia kumpa kazi, ilipotoka, mshindi alikuwa juu yangu kwa zaidi ya elfu sita kila seti. Mimi sikufika hata kwenye kulinganisha bei. Sababu waliyoandika: "Mzabuni hakuonesha ulinganifu wa bidhaa na sifa za kiufundi zilizotakiwa." Jamani, meza zangu ziko kwenye shule za hapa tangu watoto wa kwanza waliozikalia hawajamaliza kidato cha nne, na bado hazijalegea hata msumari.

Sasa kuna nyingine imetangazwa mkoani Singida, seti 400, na inafungwa wiki ijayo. Naitaka kwa moyo wote, maana vijana wangu wanategemea kazi hii kuvuka miezi ya mvua. Kuna kaka hapa mjini ananiambia nimpe laki tatu aniandikie andiko la kushinda. Wengine wananiambia nisijisumbue, bila kutoa asilimia kumi hupewi. Mwenye uzoefu naomba anisaidie, nifanye nini tofauti na nilivyofanya?

---

Kijana wa Nane Nane

Dada pole sana, ila nikwambie ukweli. Tenda za Serikali zina wenyewe. Andika unavyoweza kuandika, kama hujuani na mtu ndani utasindikiza wenzako tu. Hiyo laki tatu nunua mbao.

---

Mgavi Mstaafu

Binti, salaam. Nimefanya kazi ya ugavi na ununuzi kwenye halmashauri karibu maisha yangu yote ya utumishi. Sasa nimestaafu, niko Dodoma. Nimekaa kwenye kamati za tathmini tangu enzi za makaratasi, mzabuni analeta bahasha yenye nakala halisi na nakala zake, zinafunguliwa mbele ya watu saa nne asubuhi. Nikamaliza na mfumo, maana NeST ilipoanza Julai 2023 kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS nilikuwa bado kazini. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo lako nimeliona mara nyingi sana na limekuwa likiniumiza.

Soma tena hiyo sababu uliyopewa. Hawakusema meza zako mbovu. Wamesema *hukuonesha*. Hapo ndipo wazabuni wadogo wenye mikono mizuri wanapopotelea, na wenye mikono ya kawaida lakini wanaojua kujaza wanapita.

Kamati ya tathmini ni watu wachache wanaokaa na kile ulichopandisha kwenye mfumo, basi. Inawezekana mmoja wao amesomesha mtoto kwenye meza yako na anajua ni imara. Haruhusiwi kuliandika hilo. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024 zinamfunga kutathmini kwa vigezo vilivyomo kwenye nyaraka za zabuni na si kwa kitu kingine chochote. Akikupa alama kwa jambo ambalo hukuliandika, mkaguzi atamwandikia hoja, au mzabuni mwingine atalalamika na atashinda. Kanuni hiyo ikikuumiza leo, kesho ndiyo inayokulinda wewe usiyejuana na mtu.

Kwa hiyo zabuni ya vifaa usiichukulie kama insha ya kujisifu. Chukulia kwamba mnunuzi amekuuliza maswali na wewe unatakiwa kujibu kila swali, kwa mpangilio ule ule, na ushahidi wake pembeni. Zile sentensi za "sisi ni kampuni mahiri inayoongoza kwa ubora" hakuna mahali zinapopata alama. Tulikuwa tunazipita.

Hatua ya kwanza ni nyaraka. Nitaipita haraka kwa kuwa haina ufundi, inataka uangalifu tu. Jina lako BRELA wanakosajili biashara, jina kwenye TIN ya kodi, jina kwenye leseni ya biashara na jina ulilojisajili kwenye mfumo yawe jina moja, herufi kwa herufi. Leseni iwe hai mpaka baada ya siku ya kufunga. Uthibitisho wa kulipa kodi uwe wa mwaka husika. Hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini iwepo, ishuhudiwe na wakili kama nyaraka zinavyotaka, na anayesaini awe ndiye aliyetajwa. Fomu zote walizoweka zijazwe hata ile unayoona haikuhusu; kama haikuhusu andika kwamba haikuhusu. Muda wa zabuni kuwa hai wakisema siku 90 usiandike 60. Nimeona watu wazuri wakianguka kwa hilo tu.

Hatua ya kiufundi ndiyo iliyokuangusha. Naomba uniwekee hapa ulichoandika kwenye ile zabuni, sehemu ya sifa za bidhaa. Usione haya, hakuna anayekujua hapa. Nikikiona ndipo nitakusaidia vizuri.

Huyo kaka wa laki tatu muulize swali moja: atakuja karakana kupima bomba na mbao zako? Kama anaandikia mezani kwake, atakubandikia maneno aliyombandikia mwingine.

---

Seremala wa Mafinga

Mzee wangu shikamoo. Asante sana kwa muda wako.

Niliandika hivi: "Tutaleta viti na meza imara, vya kiwango cha juu, vilivyotengenezwa kwa mbao bora na chuma bora kulingana na mahitaji ya shule." Nikaambatanisha picha tano za kazi zetu nilizozipiga kwa simu.

Hii ya Singida wanataka hivi (nafupisha): meza uso wa mbao ngumu iliyokauka, milimita 600 kwa 450, unene usiopungua milimita 20, fremu ya bomba la mraba milimita 25 kwa 25, unene usiopungua milimita 1.5, maungio yote yachomelewe mzunguko mzima, rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya mafuta, miguu iwe na vifuniko vya mpira. Kiti nacho kina vipimo vyake.

Kinachonitia hofu ni mambo mawili. Mbao ngumu, sisi tumezoea paini. Na wanataka uthibitisho wa kazi zinazofanana za miaka mitatu iliyopita, mimi kazi ya Serikali sina.

---

Mgavi Mstaafu

Marahaba binti.

Sawa, tuanze na ile sentensi yako. Mtathmini anayo karatasi yenye mistari: uso, unene, bomba, maungio, rangi, mpira. Mbele ya kila mstari anatakiwa aandike "amekidhi" au "hajakidhi". Sasa sentensi yako aiweke mstari gani? "Chuma bora" ni milimita ngapi? Hana pa kuiweka, anaandika hajakidhi mistari yote, na bei yako nzuri haitaangaliwa kabisa.

Tengeneza jedwali la safu tatu. Ya kwanza nakili walichotaka, neno kwa neno, usikifupishe. Ya pili andika unachotoa. Ya tatu andika ushahidi uko wapi, jina la kiambatisho na ukurasa. Mstari wa bomba, kwa mfano, usomeke hivi:

Walichotaka: fremu ya bomba la mraba milimita 25 kwa 25, unene usiopungua milimita 1.5.
Tunachotoa: fremu ya bomba la mraba milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5 uliopimwa kwa vernia (kipimo cha unene) kabla ya kukata.
Ushahidi: picha ya kipimo na risiti ya ununuzi wa bomba, Kiambatisho cha 4, ukurasa wa 2.

Usinakili tu walichotaka kwenye safu ya pili. Ukiandika na wewe "usiopungua 1.5" umewarudishia swali lao. Wao wanaweka ukomo wa chini, wewe unataja namba yako.

Na ukitaja namba, hakikisha ni ya kweli. Wewe fundi unajua kuliko mimi kwamba yapo mabomba dukani yanaitwa moja na nusu, ukiweka vernia inasoma 1.2. Ukiandika 1.5 ukanunua lile, kamati ya ukaguzi na mapokezi itakuja na kipimo chake, itakataa mzigo, na wewe uko Singida na malori mawili. Kapige hesabu na bomba la 1.5 halisi, bei yake ndiyo iingie kwenye zabuni.

Mbao ngumu. Paini si mbao ngumu, usijaribu kuipitisha kwa maneno. Una njia mbili. Ya kwanza, omba ufafanuzi kupitia mfumo kabla muda wa maswali haujafungwa: uliza kama paini iliyokaushwa tanurini na kuwekwa dawa inakubalika, na eleza kwa nini. Jibu watakalotoa linaonekana kwa wazabuni wote, ndivyo inavyotakiwa. Wakikubali, umeshinda nusu. Wakikataa, njia ya pili ni kununua mbao ngumu kwa wauzaji wenye vibali, utunze na stakabadhi zake za Wakala wa Misitu, bei iingie kwenye hesabu. Kama hesabu haikubali, acha hiyo zabuni. Kuacha zabuni nako ni kazi ya mzabuni makini, na kwenye NeST unaweza kuona mipango ya ununuzi ya mwaka ya taasisi, ukajua mapema nani atanunua samani robo ipi. Mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai kaa nayo hiyo.

Hapo hapo kwenye mbao kuna jambo ambalo wewe wa Mafinga unalo na wengi hawana, ukiliacha bila kulisema itakuwa dhambi. Wameandika "iliyokauka". Singida ni kukavu. Mbao iliyokaushwa kivulini kwenye ubaridi wa Mufindi ikifika Singida inaendelea kukauka, uso wa meza unapinda, unapasuka kwenye maungio, na mwalimu mkuu anapiga simu halmashauri kabla ya muhula kuisha. Kama unakausha tanurini, au unapeleka kwa mwenye tanuri hapo Mafinga, andika: unyevu wa mbao hautazidi asilimia 12 wakati wa kuunganisha, utapimwa kwa kipima unyevu, na kumbukumbu za vipimo zitaambatana na mzigo. Weka picha ya kipimo kikisoma. Mtathmini akisoma hilo anajua anaongea na fundi.

Kwenye uzoefu, soma kigezo chao maneno yake hasa. Wamesema "kazi zinazofanana" au "kazi zinazofanana kwa taasisi za umma"? Kama hawakutaja taasisi za umma, zile shule za dini zinahesabika. Lakini "nilifanya" haihesabiki. Nenda kwa kila mkuu wa shule, umwombe barua yenye nembo na muhuri: tulinunua seti kadhaa, mwaka fulani, kwa thamani fulani, zilifika kwa wakati, mpaka leo ziko vizuri. Ambatanisha na oda ya ununuzi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Picha tano za simu bila maelezo ni mapambo. Picha moja yenye jina la shule, mwaka na idadi, ikiwa nyuma ya barua ya shule hiyo hiyo, inakamilisha ushahidi.

Jambo jingine. Wewe ni mwanamke na una vijana. Sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako umuulize taratibu za kusajiliwa kama kundi na kutambuliwa kwenye mfumo. Haitawahi hii ya Singida, ila usiiache.

---

Mhasibu wa Nyamagana

Mzee ameeleza andiko vizuri, mimi naomba niongee bei, maana wafanyabiashara wadogo wengi ninaowatunzia vitabu wanashinda tenda na wanaumia nayo.

Dada umesema ulikuwa chini ya mshindi kwa elfu sita. Nauliza kwa nia njema: elfu sita hiyo uliitoa wapi? Wengi wanaitoa kwenye vitu walivyosahau kuhesabu.

Chukua mfano, namba utaweka zako. Seti moja inakugharimu 78,000 kwa bomba, mbao, skrubu, rangi, mafundi na usafiri. Unaweka bei 82,000 ukisema kuna faida ya elfu nne. Seti 400 ni 32,800,000, faida 1,600,000. Sasa mtaji wa kutengeneza seti 400 huna wote, unakopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Serikali hailipi siku unaposhusha mzigo. Kuna ukaguzi, kuna hati ya mapokezi, kuna ankara, kuna kuingia kwenye foleni ya malipo. Ikipita miezi mitatu, riba peke yake ni 1,800,000. Faida yako yote imekwenda na umeongezea laki mbili kutoka mfukoni.

Bado hapo kuna kodi ya zuio. Ukiuza bidhaa kwa Serikali wanakata asilimia 2, kwa mfano huu ni 656,000. Hiyo si hasara, utaihesabu kwenye kodi yako ya mwaka, hivyo dai cheti chake, lakini siku ya malipo haimo mkononi na benki haiisubiri. Weka na ushuru wa huduma wa halmashauri. Kama umesajiliwa VAT angalia nyaraka zinataka bei yenye VAT au isiyo na VAT, watu wanateleza sana hapo, na asilimia 18 si kitu cha kuteleza nacho.

Ushauri wangu: hesabu bei kuanzia siku utakayolipwa, siyo siku utakayonunua bomba. Jiulize utalipwa baada ya muda gani, pesa ya kuishi mpaka siku hiyo inatoka wapi na inagharimu nini, kisha ndipo uweke faida. Na soma kifungu cha malipo kwenye masharti ya mkataba: je, kuna malipo ya awali? Je, unaweza kushusha kwa awamu na kulipwa kwa awamu? Seti 100 zikipokelewa na kulipwa wakati unatengeneza nyingine, mkopo unapungua sana.

Na usiogope bei yako ikipanda kidogo baada ya hesabu hii. Kamati inaangalia bei ya chini miongoni mwa waliokidhi. Waliokidhi ukiwa nao ni wachache, huna haja ya kujichinja.

---

Mwanabiashara wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Sheria zetu ni tofauti ila ugonjwa ni mmoja. Huku Sheria ya Ununuzi ya 2015, kifungu cha 74, inataka kurasa za zabuni ziwekwe namba kwa mfululizo, na watu wengi sana wameondolewa kwa sababu ya kurasa tu, hata wenye bei nzuri na mashine za maana. Sisi pia tuna ile asilimia 30 ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Kitu ambacho kimenisaidia ni kumpa mtu ambaye hakuandika zabuni aisome akiwa na orodha ya mahitaji mkononi, achukue kalamu nyekundu, atafute kila hitaji liko ukurasa gani. Asipolipata yeye, kamati pia haitalipata. Mke wangu ndiye hunifanyia hiyo kazi na hanionei huruma.

---

Kijana wa Nane Nane

Mzee nakuheshimu, na haya unayoeleza ni madini. Ila hujagusa nilichosema. Kuna tenda ukisoma vipimo vyake unaona kabisa vimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Na kuna maofisa wanapiga simu wanaomba chao. Hilo mnalisemeaje?

---

Mgavi Mstaafu

Mwanangu, sikukwepa. Yapo, na mimi sitayatetea, nimekaa ndani nimeyaona na yamenikera kuliko yanavyokukera wewe.

Vipimo vya mtu mmoja vina dalili zake. Wametaja chapa ya kiwanda bila kuongeza "au inayolingana nayo". Wameweka kipimo cha ajabu ambacho hakina kazi kwa mtumiaji, kama unene wa milimita 18.7. Wanataka uzoefu wa miaka kumi kwa kuleta karatasi tu za kuchapia. Ukiona hayo, silaha ya kwanza ni lile ombi la ufafanuzi, kwa maandishi, kupitia mfumo, kwa lugha ya adabu: "Je, bidhaa yenye kipimo hiki inayofanya kazi ile ile itakubalika?" Ombi hilo linabaki kwenye kumbukumbu. Ofisa mwenye nia mbaya hapendi kumbukumbu, na mwenye nia njema aliyenakili vipimo vya zamani bila kufikiri anapata nafasi ya kuvirekebisha.

Ukionewa kwenye matokeo, notisi ya kusudio la kutoa tuzo hutolewa kabla mkataba haujasainiwa, makusudi, ili uweze kulalamika. Unaanza kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi yenyewe. Usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Siku ni chache mno na zinahesabiwa za kazi, kwa hiyo notisi isome siku hiyo hiyo inapoingia, usingoje Jumatatu. Na malalamiko yaandike kama zabuni: kigezo kilisema hivi, mimi niliwasilisha hivi ukurasa huu, wao wameandika hivi. "Nimeonewa" peke yake haina pa kushika. Ndiyo maana nasisitiza jedwali lile la safu tatu. Aliyeandika "chuma bora" hana rufani. Aliyeandika "milimita 1.5, Kiambatisho cha 4" anayo, na ofisa anayetaka kumwondoa analijua hilo kabla hajashika kalamu.

Anayekupigia simu kuomba chake, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Najua watu wanaogopa kufungiwa milango. Lakini hesabu aliyopiga Mhasibu hapo juu, iongezee asilimia kumi ya kumpa mtu, uone meza itatengenezwa kwa bomba gani. Atakayekaa juu yake ni mtoto wa kidato cha kwanza.

---

Seremala wa Mafinga

Nimesoma yote, nimesoma tena na vijana wangu karakana. Mungu awabariki.

Nimefanya haya. Nimekwenda shule mbili leo, moja imenipa barua yenye muhuri papo hapo, nyingine nimeambiwa kesho kutwa. Kigezo chao cha uzoefu nimekisoma neno kwa neno, hakikutaja taasisi za umma. Mabomba niliyokuwa nayo stoo nimeyapima, mengine ni 1.5 na mengine hayafiki, nimeyatenga. Swali la paini nimelipeleka kupitia mfumo, nasubiri. Bei nimeipanga upya kwa kufuata dada Mhasibu, imepanda, ila sasa naielewa.

Kuna kitu nimekigundua nikisoma upya. Ukurasa wa masharti ya mkataba unasema mzigo ushushwe "kwenye maeneo ya matumizi". Jedwali la mahitaji linasema "makao makuu ya halmashauri". Shule zenyewe ni nane na nyingine ziko mbali na lami. Nichukue lipi?

---

Mgavi Mstaafu

Usichukue lolote kwa kubahatisha. Hapo kuna gharama ya lori, na mzabuni ambaye hajaliona amekosea bei tayari, juu au chini. Peleka ufafanuzi wa pili leo hii, taja ukurasa na kifungu cha sehemu zote mbili, uliza mzigo unashushwa wapi, na kama ni shuleni waombe orodha ya shule na umbali. Wakati unasubiri, andaa bei mbili: moja ya kushusha makao makuu kwa njia ya Iringa, Mtera na Dodoma, nyingine ya kufika shule kwa shule. Jibu likitoka unaingiza inayohusika.

Usipandishe zabuni usiku wa mwisho. Mtandao wa Mafinga unaujua, na mfumo ukifika saa ya kufunga unafunga, hakuna wa kumbembeleza kama zamani mlangoni. Pandisha siku mbili kabla. Likitoka jibu jipya utaifungua na kuirekebisha kabla ya muda kwisha.

Barua ya shule ya pili ikichelewa, nenda na moja. Lakini hiyo moja uisome kama wameandika idadi na mwaka.